Magurudumu Yaliyokwama Malaba

Habari zenu, ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa ufupi, na nyote mmecheka, kwa hiyo naona mnanijua. Lakini leo tuna wageni waliovuka kutoka ng'ambo, na wapo wanaokaa nasi kwa mara ya kwanza, basi nitaanza mwanzo ili asiachwe mtu njiani. Sitataja jina la mtu. Wahusika wanajijua, na mmoja wao amekaa hapa mbele, ananitazama kama mwalimu anayesubiri mtoto akosee.

Mgeni, ukisimama pale mpakani Busia asubuhi utawaona watu wa kikundi hiki. Mtu amekaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Miguu yake haitembei, anazungusha pedali kwa mikono, na nyuma yake amepakia unga, sabuni, mafuta ya kupikia, hata magodoro. Anavusha mizigo ya watu, na jioni anarudi nyumbani na chakula cha watoto. Mimi miguu yangu ni mizima. Mimi ni msukumaji. Penye mwinuko msukumaji anashika nyuma na kusukuma, na baiskeli ikianza kurudi, yeye ndiye breki. Hakuna breki nyingine.

Sasa niseme mimi ni mtu gani. Shule niliacha darasa la tano. Sikufukuzwa, wala ada haikukosekana. Lilipita lori lenye mtambo wa kuchimba visima, nikataka kujua wanayajuaje maji kama yako huko chini. Nikalifuata siku tatu. Niliporudi nilikuwa najua kidogo habari za maji, na dawati lilikuwa limenishinda. Tangu hapo nimefyatua matofali, nimepakia samaki ziwani Majanji, nimekuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, nimebeba abiria kwa baiskeli. Kila kazi niliiacha kwa namna moja: watu wanaamka, mimi sipo. Dada yangu aliwahi kunituma dukani kununua chumvi. Nilirudi na chumvi, ndiyo, lakini ilikuwa imepita miezi saba. Ninyi mnacheka. Yeye hakucheka.

Ndugu zangu, nawaambia, kuondoka ni ugonjwa. Mtu anadhani yuko huru. Kumbe kila mahali ameacha mtu mwenye neno la kumwambia, na kila mwaka njia anazoweza kupita bila kuinamisha kichwa zinapungua.

Haya. Siku moja nilikuwa namsukuma mama mmoja. Namwita mama kwa heshima, umri wetu haupishani sana. Alikuwa amepakia mifuko ya unga. Tulipofika katikati ya mwinuko, upande wa pili wa barabara watu walikuwa wanashusha farasi kutoka kwenye gari. Farasi, ndugu zangu! Mimi sikuwahi kumwona farasi kwa macho. Nikageuza kichwa, na nilipogeuza kichwa mikono ikafuata.

Baiskeli ilirudi nyuma. Mama akajitupa pembeni. Lori lililokuwa nyuma yetu likafunga breki, lakini halikusimama kwa wakati. Mama aliumia kiwiko tu, Mungu ni mkubwa. Baiskeli ikawa bapa kama sinia.

Watu walikuja mbio wakauliza kumetokea nini. Mama akasema, "Imeteleza." Basi. Hakusema huyu aliachia. Nami nikanyamaza, na kikundi kizima mkaamini kwamba baiskeli iliteleza. Leo nasema mbele yenu: haikuteleza. Niliachia, nikimwangalia farasi.

Naona mwenyekiti ameweka kalamu chini. Ngojeni, sijafika.

Miezi minne mama alikaa mlangoni kwake akichambua maharage ya wafanyabiashara. Malipo ya kazi ile mnayajua. Ikafika wakati binti yake akawa anabaki nyumbani siku za shule, wanachambua wote wawili. Mimi nilikuwa napita pale kila asubuhi. Mama ananisalimia vizuri, anauliza nimeamkaje, na salamu ile ilikuwa inanichoma kuliko matusi.

Fundi wetu alisema anaweza kuunda baiskeli nyingine. Mabomba anayo, kiti anacho, mikono anayo. Kinachokosekana ni magurudumu yenyewe, pamoja na minyororo na habu, ile mioyo ya gurudumu. Haya mapya ya dukani hayabebi mizigo. Ukipakia magunia mawili, rimu inapinda kama chapati. Yanatakiwa yale ya zamani, ya chuma kizito. Na hayo yako vijijini, kwa sababu pikipiki zilipoingia baiskeli zilipanda darini, na huko ziko mpaka leo.

Nikasimama katika mkutano kama huu nikasema: nipeni baiskeli moja, nitazunguka niombe. Sitaomba hela. Nitaomba vyuma vya zamani na mahali pa kulala. Mtu mmoja nyuma kule, na leo yuko palepale, akasema, "Huyu tunampa baiskeli ya kuhamia." Mlicheka sana. Hata mimi nilicheka, maana alikuwa na haki. Lakini mlinipa baiskeli, mkaniandikia barua, mwenyekiti wa kijiji akaipiga muhuri. Nilikwenda kumuaga mama. Yeye hakunipa hotuba. Alisema neno moja tu: "Rudi."

Nilianzia Lumino. Kwenye boma la kwanza mzee alinitokea na mbwa wawili.

"Skrepu hapana! Toka!"

"Mzee, mimi sinunui vyuma chakavu. Mimi naomba."

"Heh! Sasa wewe ni mbaya zaidi."

Binti yake akaichukua barua, akaisoma kwa sauti, akarudia mahali palipoandikwa habari za mama. Mzee akawafukuza mbwa. Usiku ule nililala kwake, na asubuhi alinipa mnyororo wenye kutu na ndizi za kula njiani. Na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakikwepa. Mgeni haondoki peke yake. Mzee alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba lake, akamwita jirani, akasema, "Huyu nakukabidhi." Jirani naye akanisindikiza mpaka kwa mwingine. Mimi niliyezoea kutoroka, nilipita Lumino na Buhehe nikipokelewa na kukabidhiwa mkono kwa mkono, kama mtoto anayepelekwa kwa shangazi.

Buhehe mama mmoja alinipa pedali moja. Nikauliza ya pili iko wapi. "Ya pili wajukuu wanapondea karanga," akasema. "Hiyo usiiguse."

Nikaenda Bugiri, Iganga, nikashika barabara ya Tirinyi mpaka Mbale. Nililala sakafuni kwa watu, nililala kanisani, nililala kwenye ghala la mahindi. Kote huko sikununua chakula zaidi ya mara mbili. Mbale nikapata gurudumu moja zuri. Nikarudi kusini mpaka Tororo, na pale mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa malori, alinikuta naosha ule mnyororo wenye kutu nje ya duka lake. Ilikuwa Ijumaa. Akanikalisha na wanawe kwenye sinia la pilau, kisha akanipa minyororo miwili mipya, bado imo kwenye karatasi yake ya mafuta. Nikamwambia nitataja jina lake kwenye kikundi. Akasema, "Jina la nini? Sema mtu wa Tororo. Tuko wengi, tutagawana baraka."

Sasa sikieni. Nilikuwa na gunia la vyuma na gurudumu moja. Yalitakiwa matatu. Kati ya Tororo na Malaba, ukiacha barabara kuu kidogo, nikaingia kwa mama mmoja mjane. Aliisoma barua mwenyewe, polepole, akaniuliza.

"Nani nakwenda kalia hii baiskeli?"

"Mama mmoja wa Busia."

"Miguu yake ilifanya nini?"

"Polio, tangu utoto."

"Na baiskeli yake ya kwanza ilifanya nini?"

"Iliteleza," nikasema.

Akanitazama. Nilikaa kwake siku mbili, nikamsaidia kurudishia mlango wa banda la mbuzi. Siku ya pili akaniita jikoni, akaonyesha juu. Baiskeli ya marehemu mumewe ilikuwa imening'inizwa darini, nyeusi kwa moshi. "Mimi siwezi endesha. Watoto nataka pikipiki. Shusha." Tulifungua magurudumu yote mawili. Chini ya moshi ule rimu zilikuwa hazina hata doa la kutu. Kwenye habu kulikuwa na kamkanda ka ngozi, mnajua wazee walivyokuwa wanafunga, gurudumu likizunguka kamkanda kanaipangusa habu inang'aa. Mama akakashika. "Hii nilikata mimi. Kutoka kwa mkoba wangu. Mzee aliomba mpaka nikachoka."

Alinisindikiza mpaka barabara kuu akiwa amebeba gurudumu moja begani. Nikapiga hesabu ya njia: naingia Malaba, navuka, napita Adungosi upande wa Kenya, jioni niko Busia. Nilikuwa nimebakiza siku moja. Siku moja tu, ndugu zangu, na nilikuwa naimba.

Nikavuka Malaba salama. Upande wa Kenya, malori yamepanga foleni mpaka jicho linachoka. Na pembeni, peke yake, limesimama gari ambalo sijaona mfano wake. Limebeba transfoma ya umeme kubwa kama nyumba ya vyumba viwili, na chini yake magurudumu hayahesabiki. Lakini mimi nikataka kuyahesabu! Mtu mwenye magurudumu matatu akataka kuhesabu ya mwenzake. Kati ya malori palikuwa pembamba, baiskeli yenye mzigo haipiti. Nikafungua gunia na magurudumu, nikavipanga vizuri kwenye ukuta wa mabati uliokuwa hapo, nikaingia na baiskeli tupu.

Nilihesabu. Nikahesabu tena, maana hesabu hazikulingana. Nikamuuliza dereva hili na lile: linakata kona vipi, breki zinashikaje zote pamoja. Dereva alikuwa Mkenya, mcheshi. Akafurahi kupata mwanafunzi. Akanipa chai. Saa zikapita.

Niliporudi, ukutani hapakuwa na kitu.

Mama mmoja mwenye mzani aliyekuwa ameketi pale akaniita. "Wewe ndiye mwenye mzigo? Hela yako hii." Ndugu zangu, ule ukuta ni mahali pa kuacha chuma chakavu. Kila mtu wa Malaba anajua. Unaweka mzigo wako ukutani, unaenda zako, unapimwa, unarudi kuchukua hela. Hakuna aliyeniibia. Walinifanyia kazi yao kwa uaminifu kabisa.

"Magurudumu yangu yako wapi?"

"Yamepakiwa. Lori limeondoka saa sita, linaenda kiwandani Uganda kuyeyushwa."

Nikapokea ile hela. Nasema ukweli: nikapokea. Nikakaa chini. Nikamwona mama mlangoni na maharage yake. Nikamwona binti. Nikaisikia sauti ya yule wa nyuma, "tunampa baiskeli ya kuhamia." Sikulia. Nilifanya kile ninachokijua. Nikarudi kwa dereva wa transfoma nikamuuliza anakwenda wapi. "Juba," akasema, "na taniboi wangu anaumwa." Nikafunga baiskeli yenu nyuma ya lori lake. Hivyo tu. Nilikuwa nimeshahama.

Gari lile halikai kwenye foleni ya kawaida, linapitishwa peke yake na askari mbele. Kesho yake asubuhi likaruhusiwa. Linatembea mwendo wa mtu anayetoka msibani. Tukavuka, tukashika barabara ya Tororo. Na kwa mbali nikamwona yule mama mjane kando ya barabara na beseni lake la karanga.

Nikashuka chini ya kiti. Nikajikunja pale penye miguu. Lakini yeye alikuwa ameshaiona baiskeli.

"Wewe! Baiskeli! Wewe nakwenda wapi? Busia iko huku!"

Nilisikia anatembea sambamba na gari, na gari halina uwezo wa kumwacha. "Huku! Busia iko huku!" Watu wa pembeni wakaanza kumsaidia kupiga kelele. Mimi nimeinamia viatu vya dereva. Dereva akanitazama chini.

"Buda, unajificha nani?"

"Yule mama."

"Ulimwibia?"

"Hapana. Alinipa vitu nikavipoteza."

"Sasa unajificha nini?" Akaendesha kidogo. Kisha akasema, "Sikia. Leo unajificha huyu mama. Kesho kutwa huko Sudani gari likipata shida, utajificha mimi. Mimi sibebi mtu wa hivyo. Shuka, tukiwa bado marafiki."

Hakuwa na hasira. Alisimamisha gari, akanisaidia kufungua baiskeli, akanipa chupa ya maji.

Pale barabarani nilikuwa na njia mbili, na hakuna aliyekuwa amenishika. Ningeweza kukanyaga kuelekea Tororo, au kurudi kwa yule mama aliyesimama mita mia mbili nyuma ameshika kiuno. Nilisimama muda mrefu. Ndugu zangu, sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nilichoka tu. Nilichoka kuwa mtu ambaye akimwona mama na beseni la karanga anaingia chini ya kiti. Nikageuza baiskeli.

Nikamwambia yote: transfoma, ukuta, mzani, hela. Na nilipoanza sikuweza kuishia hapo. Nikamwambia kwamba baiskeli ya mama wa Busia haikuteleza. Nikamwambia habari za farasi. Nilitegemea anipige na beseni. Aliniacha nimalize, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo lori ya skrepu iliondoka jana saa sita?"

"Ndiyo."

"Ikaingia kwa laini?"

"Foleni? Ilielekea mpakani."

"Wewe uliangalia kwa laini?"

Nikaanza kupangusa usukani wa baiskeli.

"Nauliza, uliangalia?"

"Sikuangalia."

"Weeee!" Akapiga mapaja. "Malaba hii! Mtu naoa, nazaa, mtoto natembea, lori bado iko kwa laini! Na wewe nasema imeenda!"

Mnaelewa? Tangu mama wa mzani aseme lori limeondoka, sikupiga hata hatua kumi kulitafuta. Mimi mwenye macho ya kutazama kila kitu duniani, ile foleni sikuiangalia. Niliikuta sababu ya kuondoka iko tayari, nikaishika.

Mama akamwachia jirani beseni, akabaki na kifuko cha karanga, akapanda nyuma ya baiskeli yangu. Nilikanyaga mpaka Malaba kwa kasi ambayo sijawahi. Tukavuka tena. Tukaanza kutembea na ile foleni, lori kwa lori, yeye upande huu na mimi upande ule, tukichungulia na kuuliza. Madereva wamelala chini ya magari yao, wengine wanapika. Sijui tulipita mangapi. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa mara ya pili aliponiita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Tororo.

Kwenye lori kuukuu, kati ya mabati na mabomba, gurudumu moja lilikuwa limechomoza, na kwenye habu kamkanda kake ka ngozi.

Karatasi za lori lile zilikuwa na kosa. Wakala wa forodha alikuwa anazishughulikia tangu jana, halikuwa limesogea hata urefu wake. Ile foleni tunayoitukana sisi sote, ndugu zangu, siku ile ilinifanyia kazi ya malaika.

Dereva wake alikataa. "Mzigo umepimwa, uzito umeandikwa kwenye karatasi. Nikitoa hata msumari, nakaa hapa wiki nyingine." Alikuwa na haki. Mama akamuuliza, "Karatasi naandika gurudumu, ama naandika kilo?"

"Kilo."

"Basi kilo utapata."

Tukaenda kwa mama wa mzani. Nikarudisha hela yake, atupe chuma kingine chenye uzito uleule. Hela ilikuwa imepungua kidogo, nilikuwa nimekula chapati na soda kwa huzuni. Mama akaongeza kifuko chake cha karanga.

"Karanga haziyeyuki kiwandani," mama wa mzani akasema.

"Kwa mdomo nayeyuka. Chukua."

Akacheka, akachukua. Akatupatia kipande cha injini ya zamani, akapima, akaongeza nati mpaka mzani ukakubali. Nilikibeba kichwani mpaka kwenye lori. Mama alijifunga vizuri kiunoni gauni lake la gomesi, akapanda juu mwenyewe, kwa sababu alisema mimi nitaona kitu kingine huko juu nisahau kilichonipeleka. Akanirushia gunia. Akanirushia gurudumu la Mbale. Yale mawili ya mumewe hakuyarusha. Aliyashusha mkononi, moja moja.

Nilitaka kumrudisha kwake. Akakataa, akasema atapanda pikipiki, mimi nikanyage kabla jua halijazama. Lakini alinisindikiza mpaka mwisho wa malori. Pale kwenye lori la mwisho kulikuwa na mwanamke anauza chai. Mama hamjui, hajawahi kumwona. Akamwambia, "Dada, huyu nakukabidhi. Nakwenda Busia. Akigeuka, niite."

Yule mwanamke akaweka birika chini, akanitazama mpaka nilipopotea.

Nilifika jioni. Mama wa baiskeli alikuwa mlangoni kwake. Nikaweka magurudumu matatu mbele yake na kabla hajasema kitu nikamwambia, "Niliachia. Siku ile, niliachia."

"Najua," akasema. "Mgongo wangu ulikuwa kwako. Unadhani sikusikia mikono imetoka?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeondoka. Halafu nani angeniletea magurudumu?"

Sasa mnacheka, na yeye anacheka. Mimi siku ile nilikaa chini pale kwenye maganda ya maharage nikalia kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona.

Baiskeli mmeiona, imesimama hapo nje. Wiki ya tatu sasa inavusha mizigo. Binti amerudi darasani. Vyuma vilivyobaki fundi anasema vitasaidia baiskeli nyingine mbili.

Namshukuru Mungu, na kila mmoja hapa amshukuru kwa njia aliyofundishwa. Nashukuru mzee wa Lumino na mbwa wake. Nashukuru wa Buhehe, wa Iganga, wa Mbale, na mtu wa Tororo, ninyi gawaneni baraka zenu. Namshukuru dereva aliyenishusha. Kushushwa ni msaada, msidharau. Nawashukuru ninyi kwa baiskeli mliyompa mtu msiyemwamini. Mlifanya vizuri kutoniamini, na mlifanya vizuri zaidi kunipa.

Funzo langu ni dogo, mimi si mhubiri. Ukiambiwa kitu chako kimeondoka, nenda kwanza ukaangalie barabarani. Huenda kimekwama mahali, kinakungoja. Na ukiharibu, mwambie uliyemharibia, hata kama unadhani hajui. Pengine anajua, na anachosubiri ni wewe kufika.

Jambo la mwisho. Yule mama wa karanga anakuja Alhamisi, anataka kuona magurudumu ya mzee wake yakifanya kazi. Hapa Busia yeye hamjui mtu ila mimi, na mimi nalala stoo. Milango ya watu ilinifungukia safari nzima nikiwa na barua tu mkononi. Kwa hiyo naomba mtu wa kumlaza. Naona mkono huko nyuma. Asante, ndugu. Naona mwingine. Lakini mama hapa mbele anasema mshushe mikono yote, mgeni ni wake.

Na anauliza mgeni anapenda chakula gani. Mnaona mimi ni mtu gani? Nimekula kwake siku mbili, nimemuuliza habari za baiskeli, za mbuzi, za moshi unapitia wapi, na hilo sikuuliza. Nipeni dakika moja, ninayo namba yake. Nampigia sasa hivi.